Mbwa wa mteja amekung'ata ukipeleka mzigo: fidia unaidai vipi?



Kwenye kurasa zetu hizi tunafundishana mengi. Namna ya kupiga picha ya bidhaa, namna ya kumjibu mteja anayeuliza bei halafu anapotea, mpaka rangi ya mfuko wa kufungia mzigo. Ila kuna jambo moja sijaona likiongelewa na linatuhusu kuliko watu wengi: sisi ndio tunaogonga mageti ya watu kila siku, na nyuma ya mageti mengi kuna mbwa. Akikung'ata wewe, au boda wako, au mdogo wako uliyemtuma, nani analipa hospitali? Nani anafidia siku ulizofunga biashara?

Mimi sio mwanasheria, nimeishia kidato cha nne. Haya nimeyajua kwa kusoma sheria zenyewe, kuuliza wanaojua, na kumsindikiza kijana anayenipelekea mizigo tangu alivyong'atwa mguuni mpaka alivyolipwa. Naongelea Tanzania Bara. Zanzibar wana sheria zao na mahakama zao, na walioko Kenya wafuate za kwao.

Kabla ya pesa, okoa maisha

Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili, mtu haponi. Sitaki kukutisha ila ndivyo ilivyo. Kabla ya dalili kinazuilika kabisa, kwa hiyo usianze na ugomvi getini, anza na maji. Osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Dakika 15 ni nyingi kuliko unavyodhani, weka saa. Usipake majivu, mafuta ya taa, pilipili wala dawa ya jirani. Halafu nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama ni mkwaruzo tu wa jino na damu ni kidogo.

Chanjo ni sindano zaidi ya moja na unapangiwa tarehe. Usiruke tarehe eti kwa sababu kidonda kimefunga. Kidonda kufunga hakuhusiani na kirusi.

Na mbwa asiuawe. Najua mtaani hasira zikipanda watu wanatafuta mawe, lakini mbwa akiwa hai anafungiwa na kuangaliwa kwa siku 10. Akimaliza hizo siku akiwa mzima, daktari anajua siku ile alipokung'ata hakuwa na uwezo wa kukuambukiza. Akiuawa mkamtupa, umepoteza jibu la daktari na umepoteza ushahidi wako pia. Chanjo wewe unaanza bila kusubiri hizo siku kuisha, labda daktari mwenyewe aseme vingine. Mpigie afisa mifugo wa kata, hiyo ni kazi yake. Mwenye mbwa naye aombwe kadi ya chanjo ya mbwa. Akisema "huyu ana chanjo" bila kadi, hayo ni maneno tu.

Ushahidi unakusanywa siku ile ile

Hapa sisi wa mtandaoni tuna bahati ambayo hatuijui. Kila kitu chetu kipo kwenye simu.

Chukulia mteja alikuandikia WhatsApp: "Ukifika ingia tu, geti liko wazi." Huo ujumbe una thamani kubwa kuliko shahidi wa kuona. Unaonyesha hukuvamia kwa mtu, uliitwa. Unaonyesha tarehe na saa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali ujumbe wa simu utumike kama ushahidi mahakamani. Ila usitegemee skrinshoti peke yake. Usifute mazungumzo yenyewe, na usiuze hiyo simu kabla mambo hayajaisha, maana mtu akikataa kwamba aliandika, itabidi uonyeshe mazungumzo kwenye simu yalikotoka.

Piga picha kidonda kabla hakijafungwa bandeji, na tena kila baada ya siku chache kinavyopona. Piga picha nguo iliyochanika (usiifue, usiitupe). Piga picha geti na kibao kama kipo, na sehemu mbwa anapofungwa kama inaonekana ukiwa nje. Andika majina na namba za waliokuwepo: mlinzi, jirani, bodaboda aliyekuwa amepaki. Mlinzi huwa anasema ukweli siku ya kwanza. Siku ya tano ameshakumbuka nani anamlipa mshahara.

Ukishatibiwa mara ya kwanza, nenda polisi ukatoe taarifa upewe RB, na uchukue PF3 ambayo daktari ataijaza kuhusu jeraha lako. Usiione PF3 kama usumbufu. Ni karatasi ya serikali inayosema siku fulani mtu fulani alikuwa na jeraha la aina fulani. Bila hiyo, baada ya miezi miwili mtu anaweza kukuambia ulijikata na bati.

Risiti ni za kila kitu: kadi ya hospitali, sindano, dawa, bandeji. Nauli za kwenda na kurudi hakuna anayetoa risiti, kwa hiyo lipa kwa simu, ule ujumbe wa muamala ndio risiti yako.

Mwenye mbwa anawajibika wakati gani?

Watu wengi wanadhani mbwa aking'ata basi mwenye mbwa analipa moja kwa moja. Sio rahisi hivyo. Ukitafuta mtandaoni utakutana na makala za Marekani, ambako majimbo mengi mwenye mbwa analipa hata kama mbwa hajawahi kung'ata mtu maishani mwake. Utakutana na za Uingereza pia, na wao walitunga sheria yao ya wanyama mwaka 1971. Hizo sio zetu. Sisi kwenye mambo ya madhara kama haya tunatumia misingi ya sheria ya Uingereza ya zamani, kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, pamoja na yale ambayo mahakama zetu zimeamua tangu hapo.

Kwa lugha ya dukani, una njia mbili za kumbana mwenye mbwa.

Njia ya kwanza ni kuonyesha alijua mbwa wake ni mkali na bado akamweka mahali anapoweza kudhuru watu. Alishang'ata mtoto wa jirani mwaka jana? Boda wengine wanaogopa nyumba ile? Majirani wanajua? Hao ndio mashahidi wako. Na hapa kuna kitu kinachochekesha kidogo: kile kibao cha MBWA MKALI. Wenye nyumba wanakiweka wakiamini kinawakinga na lawama zote. Kweli kinasaidia kama wewe uliingia mwenyewe bila kuitwa. Lakini kama aliyekiweka ndiye aliyekuambia "ingia tu", basi kibao kimemgeuka, kwa sababu ameandika kwa rangi nyekundu kwenye geti lake mwenyewe kwamba anajua mbwa wake ni mkali.

Njia ya pili ni uzembe. Hapa hata kama mbwa hajawahi kung'ata, unaonyesha mwenye nyumba hakuwa mwangalifu kama mtu wa kawaida anavyotakiwa. Alijua unakuja saa ile, alikuita, hakumfunga mbwa, hakukuambia yupo. Kwetu sisi wa oda njia hii mara nyingi ndiyo nyepesi, kwa sababu mazungumzo ya oda yanaonyesha kabisa alikuwa anakusubiri.

Utashindwa wapi? Kama uliambiwa "subiri nje" ukaingia. Kama uliruka ukuta. Kama ulimchokoza mbwa, ukamrushia jiwe ukiwa unachati. Na kama makosa ni ya wote wawili, tegemea yako yatatumika dhidi yako hata kama ya mwenzako ni makubwa zaidi.

Swali lingine ambalo watu hawaulizi mapema: mbwa ni wa nani? Aliyeagiza mzigo anaweza kuwa mpangaji wa chumba cha uani, na mbwa ni wa mwenye nyumba. Au mbwa ni wa kampuni ya ulinzi. Jua kwanza anayemfuga na kumtunza ni nani ndipo uandike barua, usije ukamdai dada wa watu aliyeagiza wigi tu.

Unadai kiasi gani?

Hapa ndipo wengi tunaharibu. Mtu anapiga simu anasema "nipe milioni mbili tumalizane". Ukimuuliza milioni mbili imetoka wapi, kimya.

Madai yana mafungu mawili. La kwanza ni hasara unayoweza kuihesabu: matibabu, nauli, suruali, simu iliyopasuka ulipoanguka, mzigo ulioharibika, kipato ulichokosa. Fungu hili linatakiwa litajwe kitu kimoja kimoja na lithibitishwe. Mahakama ya Rufani ilishalisema hilo waziwazi mwaka 1992 na mahakama za chini zinalifuata. Huna uthibitisho, hupati. Fungu la pili ni fidia ya maumivu, kovu, hofu, usumbufu. Hilo halina risiti, hakimu ndiye anayekadiria akiangalia jeraha lilivyo.

Kwenye kipato kilichopotea, tafadhali elewa tofauti ya mauzo na faida. Huwezi kudai mauzo. Tuseme kwa mfano kwa siku unauza 120,000 na faida yako ukishatoa mtaji, mifuko na nauli ni 25,000. Ukilala ndani siku 12, ulichopoteza ni 300,000, sio 1,440,000. Ukienda na 1,440,000 utaonekana tapeli na hata ile 300,000 ya halali itatiliwa shaka. Na kama ndugu yako alikushikia kazi, oda zikaendelea, wewe ukamlipa 10,000 kwa siku, basi hasara yako ni ile 10,000 ya kila siku, kwa sababu mauzo hayakufa.

Sasa utaithibitishaje hiyo faida? Daftari la mauzo na manunuzi. Taarifa ya miamala ya miezi mitatu kutoka mtandao wa simu au ya lipa namba yako. Oda za WhatsApp ulizozikataa ukiwa kitandani ("dada samahani wiki hii sipo kazini") nazo zinahesabika, usizifute. Wanaosema daftari ni la watu wa zamani watakuja kulitafuta siku kama hii.

Ile ya kijana wangu ilikwenda hivi. Mwenye mbwa alitoa 20,000 pale pale getini, "ya soda", akadhani imeisha. Kijana akaipokea, na sina cha kumlaumu, alikuwa anatokwa damu na hakuwa na nauli. Siku ya pili tukamuandikia kwamba ile 20,000 tumeihesabu kama nauli na malipo ya kwanza ya matibabu, na tutampelekea hesabu kamili chanjo zikiisha. Huo ujumbe mmoja ulitusaidia sana, kwa sababu baadaye alikuja kudai "nilishamlipa, tulielewana". Ukipewa pesa ya harakaharaka na mwenye mbwa, andika mapema imepokelewa kwa ajili ya nini.

Kuanza kudai

Anza kwa mazungumzo, kwa adabu. Wengi wanaofuga mbwa sio watu wabaya, na wengine wanalipa wenyewe wakishaona risiti. Ikishindikana, andika barua ya madai. Haihitaji Kiswahili kigumu: tarehe, saa na mahali, nini kilitokea, kwa nini yeye anawajibika, orodha ya hasara na jumla yake, nakala za risiti, na siku unazompa kujibu. Siku 14 ni muda wa kawaida. Mpe mkononi na nakala yako aisaini kwamba kaipokea. Akikataa kusaini, ipelekwe kupitia ofisi ya serikali ya mtaa.

Serikali ya mtaa ndiko mambo mengi yanakoishia, na mimi napapenda kuliko mahakamani kwa madai madogo. Mwenyekiti au mtendaji anawaita wote wawili mnakaa. Mkikubaliana, ISIISHIE MDOMONI. Andikeni: fulani anakubali anadaiwa na fulani shilingi kadhaa kutokana na tukio la tarehe fulani, atalipa kwa awamu hizi, tarehe hizi. Saini, mashahidi, muhuri wa ofisi.

Hiyo karatasi ina faida ambayo wengi hawaijui. Kesi ya madhara yenyewe, ya kung'atwa, haifunguliwi Mahakama ya Mwanzo, inakwenda Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi. Lakini deni linalotokana na makubaliano, Mahakama ya Mwanzo inalisikiliza. Kwa hiyo akilipa awamu moja akakimbia, huendi tena kubishana mbwa alikuwa mkali au mpole. Unaenda na mkataba, unadai deni, karibu na kwako.

Halafu angalia sana mstari unaosema "na mlalamikaji hatakuwa na madai mengine". Mwenye mbwa atautaka uwepo, na ana haki ya kuutaka. Wewe usiusaini kabla hujamaliza sindano zote na daktari hajakuambia umepona. Kidonda cha mbwa kinaweza kupata usaha wiki ya pili, na ukishasaini, usaha ni wako.

Polisi je? Kanuni ya Adhabu inasema ni kosa kwa mtu kuzembea kuchukua tahadhari dhidi ya hatari ya mnyama anayemmiliki, kwa kiasi cha kuhatarisha wengine. Kwa hiyo kesi ya jinai inawezekana, na mtu akitiwa hatiani mahakama inaweza kuamuru akulipe fidia. Lakini usitumie polisi kama fimbo ya kuombea pesa. Ile ya "nitumie laki tano la sivyo nakufunga" inaweza kukugeuka wewe ukawa mtuhumiwa. Toa taarifa polisi kama taarifa, dai lako lidai kwa barua.

Na jamani, najua tulivyo, usimposti. Usiweke picha ya nyumba ya mteja, namba yake na maneno "wanawake wenzangu kaeni mbali na huyu" kwenye ukurasa wako. Namba na anwani alikupa kwa ajili ya oda. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na kuna kudaiwa kwa kumchafua mtu jina. Unaweza kuanza ukiwa unadai ukamaliza ukiwa unadaiwa.

Ikifika mahakamani, muda wa kufungua kesi ya madhara kama haya ni miaka mitatu. Usiutumie wote, mashahidi wanahama. Lugha sio kisingizio tena, maana tangu mabadiliko ya 2021 lugha ya mahakama ni Kiswahili. Kama huna pesa ya wakili, wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa na sheria ya mwaka 2017, waulizie ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yako. LHRC na TAWLA nao wanatoa msaada wa kisheria.

Akiwa sio wewe, ni uliyemtuma

Kama una kijana uliyemwajiri, hata mmoja, unatakiwa uwe umejisajili na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Aking'atwa akiwa kazini, hiyo ni ajali ya kazini. Wewe mwajiri unatoa taarifa kwa mfuko ndani ya siku 7 tangu ujue, na dai lisipite miezi 12. Boda unayemuita siku moja moja na anabeba mizigo ya maduka mengine hesabu yake ni tofauti, huyo kwa kawaida anajitegemea, na madai yake ni dhidi ya mwenye mbwa. Ila msaidie na mazungumzo ya oda, kwa sababu ushahidi upo kwenye simu yako, yeye hana.

Kijana wangu alilipwa kwa awamu tatu. Yule mteja hajaagiza tena kwangu na sidhani kama ataagiza. Kuna watu waliniambia nimepoteza mteja mzuri kwa sababu ya mguu wa boda. Mguu wa boda ndio unaopeleka mizigo ya wateja wengine wote.

Siku hizi kila oda ya kupeleka nyumbani naimalizia na ujumbe huu, chukua ubandike kwako: "Asante kwa oda. Je, nyumbani kuna mbwa? Kama yupo tunaomba afungwe kabla hatujafika, au utupokelee mzigo nje ya geti. Tutakupigia dakika 10 kabla." Mteja akijibu "hakuna", au "yupo ila nimemfunga", jibu lake libaki kwenye simu.